Samaki wa Mvua

Tamima binti Darwesh alikuwa na ulimi, na mtaa mzima wa Kiponda ulijua kuwa anao. Hakuwa mwanamke mbaya. Alilisha jirani aliyelala njaa, alikesha na wanawake waliojifungua wasio ndugu zake, na sufuria zake za shaba zilizunguka nyumba za watu mpaka nyengine zikasahau njia ya kurudi. Lakini neno likimfika mdomoni halirudi ndani, na likitoka hutoka na meno yake. Watu wakicheka, naye aongeza. Katika yote aliyoyasema kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yake, lilikuwapo neno moja aliloliona jepesi kuliko mengine yote, na hilo ndilo lililokuja kumkaa kooni.

Neno lenyewe lilihusu samaki.

Mumewe, Amour bin Turki, alitoka katika watu waliokuwa na mashamba ya karafuu tangu Kizimbani hadi Kidichi. Zama hizo gari la moshi la Bububu lilikwishaanza kupiga kelele njiani, na mashamba ya ukoo wake yalikuwa yamebaki kipande kimoja tu cha Kidichi, chenye minazi, mikarafuu ya kuhesabika na bonde la mpunga. Mtu mwengine angalikaa barazani akayalilia yaliyopita, na wa kumsikiliza hawangalikosekana. Amour hakulia. Yeye alinunua sanduku la kioo.

Alilinunua mnadani, Shangani, kwa tajiri mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Wenzake waligombania saa za ukutani na vitanda vya chuma. Yeye akarudi nyumbani na wapagazi wawili wamebeba sanduku refu la vioo, lenye mbavu za shaba na kitako cha jiwe, akaliweka sebuleni chini, chumba cha wageni wanaume, karibu na dirisha linalopata mwangaza wa asubuhi. Chini alitandaza udongo mweusi wa bondeni kwake. Juu ya udongo akapanda nyasi za majini na yungiyungi dogo lenye majani kama sarafu. Akalijaza maji ya mvua, kwani maji ya kisima cha uani yalikuwa na chumvi. Kisha akamtuma Mcha.

Mcha alikuwa mtu mwenye asili ya Tumbatu aliyekuwa akilima mpunga katika bonde la Amour. Alikuja kwa gari la moshi, ameukumbatia mtungi kifuani kama mtoto mgonjwa, na ndani ya mtungi mlikuwa na samaki wasiofika urefu wa kidole cha mwisho. Majike walikuwa na rangi ya vumbi. Madume, ah! Buluu, na kila gamba limepigwa ukingo mwekundu, na mkia mwekundu kama shokishoki lililoiva. Watu wa shamba waliwaita samaki wa mvua, kwa kuwa masika yakinyesha wanaonekana hata katika kidimbwi cha kwato ya ng'ombe, na jua likikaza hawaonekani tena, wala hapana aliyewaona wakiondoka. Mjini watu walishikilia kuwa wanashuka na matone kutoka mbinguni. Amour akiulizwa alitabasamu tu.

Tamima hakuteremka kuwaona. Sebule ni ya wanaume, kweli, lakini wageni hawakai kutwa, na angalitaka angalishuka. Hakutaka. Aliyaona mambo ya mtu mzima kujifungia na visamaki visivyoliwa kuwa ni utoto, na aliyasema.

Basi mwaka wa tatu wa sanduku lile, asubuhi moja ya mwanzo wa masika, Amour alipanda ngazi mbili mbili, miguu mitupu, mikono ya kanzu imerowa hadi viwikoni.

"Tamima, teremka," alisema mlangoni. "Chini hapana mtu. Kuna jambo nataka ulione, nalo halingoji."

Tamima alikuwa na wageni wake watatu, kahawa na halua mbele yao. Aliwatazama wageni kwanza, kisha mumewe.

"Anayekaa kutazama samaki ni paka," alisema. "Hebu nambie, umeoa mke au umeoa paka?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Amour naye alicheka. Akateremka ngazi, safari hii moja moja, na tangu siku hiyo hakumwita tena.

Miaka ikapita. Kila mwaka, kiangazi kikifika, Tamima husikia kuwa samaki wa bwana wamekufa. Kila mwaka, masika yakianza, husikia wapo tele. "Huyu na Mcha wake," husema, "samaki wanafia huku, wao wanawazoa kule." Hapana aliyemsahihisha, na yeye hakuuliza. Mume na mke hao hawakujaaliwa mtoto, na nyumba yenyewe kubwa, kwa hiyo kila mmoja aliizoea sakafu yake.

Vuli ya mwaka wa kumi na moja wa ndoa yao Amour alirudi kutoka Kidichi na homa. Alilazwa chini sebuleni, kwa kuwa hakuweza kupanda ngazi. Siku mbili tatu Tamima alishuka kumuuguza, na watu waliokuja kumtazama walimkuta bwana amelala amegeukia kioo chake, wala hazungumzi sana. Siku ya tisa alifariki. Tamima alilia kilio kilichowashangaza hata waliomjua.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila wanja, bila hina, bila udi, chumba cha ndani. Bi Sheikha, dada mkubwa wa marehemu, alihamia kwake kumwangalia. Siku ya tatu ya matanga, Tamima alisikia sauti ya mwanamke ng'ambo ya pazia, ikinong'ona kinong'onezo kile cha kusudi: "Na huyu naye analia? Si alikuwa akimfanya mwenziwe kichekesho?"

Neno lile lilimchoma kwa sababu halikuwa la uongo. Hapo hapo Tamima alikata shauri kuwa atakaa eda ambayo Unguja haijaiona. Sheria ikimtaka hatua moja, yeye atakwenda tatu. Hakukaribia dirisha. Hakupandisha sauti ikavuka mlango. Alisema hata kikohozi chake mwanamume asikisikie, na alipokuwa na mafua alikohoa ndani ya mto.

Ilipotakiwa sebule itolewe vitu watu wapate kukaa hitima, Biasha alipanda kuuliza samaki wafanyweje. Biasha huyu alikuwa mtumishi wa nyumba ile tangu utoto wake; siku watumwa walipopewa uhuru aliambiwa anaweza kwenda atakako, akajibu kuwa alipotaka ni pale pale. Alibaki, lakini toka siku hiyo hakutii neno ila alilolipenda mwenyewe. Akiambiwa apike wali hupika muhogo, akiambiwa afunge dirisha hulifungua la pili.

"Watie kisimani," alisema Bi Sheikha.

"Waleteni juu," alisema Tamima.

Wapagazi walilifikisha sanduku kwenye ngazi ya juu, wakaondoka, na wanawake wakalisukuma hadi chumbani. Tamima alivuta kigoda akakaa mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe.

Kulikuwa na madume watano na majike wanne. Nyasi zilikuwa zimeota zikafika juu, na samaki wakipita katikati yake, wakizama na kuzuka, na kila dume likipata jua mkia wake huwaka. Dume likakutana na dume, wakatandaza mapezi kama watu wanaotunishiana vifua, kisha kila mmoja akashika njia yake bila ya kupigana. Dume moja likamfuata jike mpaka chini; wakabanana ubavu kwa ubavu juu ya udongo, wakatetemeka, na vumbi jeusi likatimka kidogo. Wakainuka. Wakashuka tena pahala pengine. Tamima alidhani wanacheza. Alitazama mpaka adhana ya adhuhuri, na chai aliyoletewa ikapoa.

"Kumbe," alisema peke yake. "Kumbe, Amour."

Siku hiyo aliweka nia. Atawatunza, na siku atakayotoka eda awepo angalau mmoja aliye hai. Hakumwambia mtu. Ilikuwa ndiyo namna yake ya kuomba radhi kwa mtu asiyeweza tena kuitoa, na alijua kuwa ni upuuzi, lakini hakuwa na nyengine.

Akawashughulikia. Biasha, kwa mara moja, alilipenda jambo, akawa kila asubuhi anateka viluwiluwi vya mbu katika mitungi ya uani na kuvileta kwa kata. Maji yakipungua wanaongeza ya mvua ya vuli waliyoyakinga darini. Tamima alijifunza dume lipi lina pupa na jike gani muoga. Kulikuwa na dume moja lenye mkia uliochanika, naye alilipenda kuliko wengine kwa kuwa lilikuwa halina haya, huja hadi kwenye kioo na kumkabili usoni.

Wa kwanza alikufa wiki ya siku ya arubaini ya marehemu. Tamima alisema chakula kimezidi, akapunguza. Akafa wa pili. Akasema chakula kimepungua, akazidisha. Wa tatu alipokufa alilihamisha sanduku mbali na jua, na wa nne alipokufa alilirudisha. Hakukuwa na ugonjwa wa kuuona. Walikonda tu, rangi ikafifia, wakainama katika nyasi kama wazee waliochoka na safari, na asubuhi anawakuta juu. Kila mmoja alimfunga katika kitambaa kidogo cheupe kabla ya kumpa Biasha.

"Samaki hao, Tamima," Bi Sheikha alimwambia. "Samaki tu."

"Najua, wifi."

"Basi mbona hulali?"

Angalisema nini? Kwamba alimpuuza mtu akiwa hai, na sasa hata alichokipenda kinamfia mikononi?

Walikuwa wamebaki wanne siku Mcha alipokuja. Ilikuwa mchana, nyumba imetulia, na sauti yake ilipanda ngazi wazi kabisa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Bi Sheikha alitoka hadi juu ya ngazi. "Nani?"

"Mimi Mcha, bibi, wa Kidichi. Shikamoo."

"Marahaba. Una haja gani?"

"Nna amana ya marehemu. Ya Bi Tamima."

"Iseme. Mimi dada yake, nnakusikia."

"Niwie radhi, bibi. Marehemu kaniapisha nimwambie mwenyewe, na sikio lake mwenyewe. Sitaki kumwona, wala sipandi. Nasimama nje huku nimeupa mlango mgongo. Aseme tu 'nnakusikia', mimi ntasema yangu, nende zangu."

Bi Sheikha aligeuka. Tamima alikuwa amesimama nyuma ya pazia, ameshika nguzo ya mlango.

"Haya, mjibu," alisema wifi yake kwa sauti ya chini. "Neno la haja halikatazwi. Sheria haikufungi mdomo."

Tamima alitikisa kichwa.

"Basi kohoa tu, ajue upo."

Akatikisa tena.

"Amana ya mumeo, Tamima!"

Tamima aliuweka mkono juu ya mdomo. Alikuwa akiwafikiria wale waliosema ng'ambo ya pazia. Mtaa huu una masikio, alijiambia. Wasije kesho wakapata la kusema, kwamba mjane wa Amour alijibizana na mwanamume mlangoni eda haijafika nusu. Watu husema mdomo huponza kichwa, na kweli. Lakini wa Tamima ulimponza mara mbili, mara ya kwanza kwa kufunguka na mara ya pili kwa kufungwa. Ulimi uliokuwa haujapata kuzuilika kwa miaka yote ile, ulizuilika siku hiyo.

Mcha alingoja. Kule chini walisikia akiuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Akasema, "Basi mwambieni tu kuwa..." akakatiza. "Hapana. Kaniapisha. Ntarudi eda ikisha."

Hatua zake zilipopotea kichochoroni, Tamima alirudi kwenye kigoda chake. Alijisikia ameshinda. Alijisikia hivyo siku nzima, na jambo hilo baadaye lilimtia haya kuliko mengine yote.

Wa mwisho alikuwa dume la mkia uliochanika. Alibaki peke yake siku kumi na mbili, akaja kwenye kioo siku kumi, na siku mbili za mwisho hakuja. Eda ilikuwa bado siku arubaini na kitu. Tamima alimfunga kitambaa, akatwaa shuka nyeupe, akalifunika sanduku zima. Hakuongeza maji tena. Hakufunua kutazama. Jua la kaskazi lilikuwa limekaza, chumba kina joto, na chini ya shuka maji yalishuka kidogo kidogo, nyasi zikalala, yungiyungi likanyauka, udongo ukabaki na unyevu wake wa ndani tu. Yeye alilipita sanduku kila siku kwenda kusali na kurudi, akigeuza uso. Aliona ni shahidi aliyewekwa pale kumshuhudilia kuwa hakuweza.

Eda ikaisha, masika yako karibu, hewa nzito. Kwa watu wa nyumba ile, desturi ilikuwa kwamba mjane huchukuliwa alfajiri hadi ufukweni akaogeshwe, na kila kilichokaa eda naye hakirudi kutumika. Nguo hupewa maskini. Mkeka, mto na makorokoro mengine huachiwa bahari. Bi Sheikha alikuja na wanawake wawili wa jamaa, na Biasha akaanza kukusanya vitu kapuni. Alipofunua shuka ya sanduku, alichota udongo kidogo, akauponda vidoleni, akaunusa.

"Bibi, udongo huu mzuri," alisema. "Mweusi, mlaini. Nikautie katika makopo ya mrehani darini?"

"Hapana. Kila kilichokaa eda na mimi kinakwenda baharini."

"Kidogo tu. Konzi moja."

"Biasha, nshasema."

Na ili Biasha asipate nafasi ya kufanya alilozoea, Tamima aliukomba udongo kwa mikono yake mwenyewe. Ulitoka vipande vipande. Ndani yake mlikuwa na vipunje vidogo vidogo, vyeupe vya kung'aa, vikubwa kidogo kuliko chembe ya chumvi, naye alidhani ni mchanga. Alikomba mpaka jiwe la kitako likawa safi, akalipangusa kwa kitambaa.

Pale ufukweni Funguni, ndiyo kwanza kunapambazuka, alilishika kapu mwenyewe akaingia nalo hadi magotini. Udongo ulifanya wingu jeusi majini, wimbi likaja likaliondoa. Alisikia kifua chake kikifunguka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Basi, alijiambia. Nimekosa, nimejaribu, nimeshindwa, na yamekwisha.

Mcha alikuja kesho yake asubuhi.

Safari hii Tamima aliteremka. Alikaa kwenye kiti nyuma ya ubao wa mlango uliorudishwa nusu, amejitanda vizuri, Bi Sheikha kando yake. Nje mbingu ilikuwa imefunga, na mwangaza wa kichochoroni ulikuwa wa kijivu.

"Pole na eda, Bi Tamima."

"Nshapoa, Mcha. Karibu. Na ile siku uliyokuja, unisamehe."

"Hapana kosa, bibi. Eda ni eda." Alikuwa amechangamka, akihema kidogo kama mtu anayekimbizana na mvua. "Nimekuja nayo ile amana. Kanipa hapa hapa sebuleni, siku mbili kabla hajafa. Nimeirudia kila siku nisije nikaipoteza. Niseme?"

"Sema."

Mcha alisafisha koo, akasema kwa sauti isiyokuwa yake, sauti ya mtu anayesoma:

"Mwambie Tamima asiumwage udongo. Samaki watakufa, na si kwa kosa lake, wala asihangaike. Umri wao ndio huo. Wamezaliwa na masika na hawafikilii masika mengine. Lakini wameacha mayai udongoni. Ayaache maji yakauke, aufunike, asiuguse. Mvua ya kwanza ikinyesha, atie maji, aketi kitako atazame. Kabla ya adhuhuri atawaona wanatoka, wadogo kama nukta za wino. Mwambie ndilo jambo nililomwitia siku ile."

Mcha aliendelea, sasa kwa sauti yake mwenyewe: "Nikamuuliza, bwana, mbona humwambii wewe, naye yuko hapo juu? Akacheka. Akasema, nikimwambia mimi atanifanyia mzaha. Ukimwambia wewe, mimi nshakufa, atasikiliza." Akainua macho juu. "Mbingu hiyo, bibi, naona leo haivuki bila ya mvua. Kama maji uliyaacha yakauke yenyewe, basi umefanya kama nilivyotaka kukwambia. Udongo uko wapi?"

"Nimeumwaga," alisema Tamima.

"Umeumwaga wapi? Uani? Tunaweza kuuzoa."

"Baharini. Jana."

Walisikia Mcha akijiketisha barazani polepole.

"Maji ya chumvi," alisema. Akaongeza, si kwa kulaumu, bali kama mtu anayejisemea, "Ungaliuacha tu. Ungaliuacha tu pale ulipo."

Tamima alisimama ghafla. "Biasha!"

"Naam!"

"Njoo hapa. Hima."

Biasha alitokea na mikono ya unga.

"Ile konzi ya udongo uliyoitaka. Umeichukua. Sema umeichukua. Imo katika makopo ya mrehani, si imo? Sitakugombeza, wallahi sitakugombeza. Sema tu."

Biasha aliinamisha macho akaitazama miguu yake. Mtu huyu aliyekuwa akipika muhogo akiagizwa wali, ambaye nyumba nzima ilimlaani kwa ukaidi wake!

"Ulisema nisichukue, bibi," alisema. "Nikasema leo eda inakwisha, leo nimtii."

Bi Sheikha alimshika Tamima mkono, akamkalisha. Nje, Mcha alisema kuwa bondeni, mvua zikishika, wapo wengi, na yeye atamletea mtungi mzima kama alivyomletea bwana mwanzo.

"Wale wa kila mwaka," Tamima aliuliza, "hukumletea wewe?"

"Mimi nilimletea mara moja tu, bibi, mwaka ule wa sanduku. Tangu hapo hajapata kuniomba. Wote waliofuata wamezaliwa humu humu, watoto wa watoto wa wale."

Basi ndani ya nyumba aliyoiona tupu, kila masika walizaliwa, chini ya miguu yake, na mumewe akikaa peke yake akiwatazama. Mara moja alimwita. Na kizazi cha mwisho amekikomba yeye, kwa mkono wake, akapangusa na kitambaa. Majuto ni mjukuu, watu husema, na husema hivyo kwa wepesi, mpaka siku mjukuu mwenyewe anapokuja kukaa pajani.

"Usiniletee, Mcha," alisema. "Ahsante. Si wao."

"Nakufahamu, bibi."

"Na amana yako imefika. Nnakusikia."

Mvua ilianza kabla Mcha hajafika mwisho wa kichochoro. Matone yalikuwa makubwa, machache, kisha yakawa mengi, na harufu ya vumbi lililorowa ikajaa nyumba. Tamima alimwamrisha Biasha na jirani mmoja walishushe sanduku la kioo hadi uani, waliweke chini ya mlizamu. Maji ya darini yaliteremka kwa kishindo, yakagonga jiwe la kitako, yakapanda kioo kwa kioo mpaka yakafurika.

Mvua ilipopungua Tamima alivuta kigoda penye ukumbi unaotazama ua, mbele ya sanduku, akaketi kitako.

"Tamima," Bi Sheikha alimwambia kwa upole, "humo hamna kitu, mwanangu."

"Najua, wifi. Kaniambia niketi nitazame."

Maji yalikuwa safi, ukaona ukuta wa pili wa ua kwa upande wa pili, na mitungi, na chokaa iliyobanduka. Paka wa nyumba alitoka jikoni, akaruka mabwawa madogo ya uani, akaja akakaa kando ya kigoda, mkia ameuzungusha miguuni. Akatazama kiooni muda mrefu, masikio mbele. Alipoona hamna kitu aliinuka akaenda zake. Tamima alibaki pale mpaka adhuhuri.